Wangari Maathai: Miti ya Nyeri, Maji ya Balambala, Kivuli cha Mjini

Maji ya Mto Tana anayoteka mkaazi wa Balambala, katika kaunti ya Garissa, yametoka mbali. Yameanza kama vijito kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yakateremka kwenye nchi kavu ya Balambala. Kutoka hapo huelekea mji wa Garissa, Hola na Garsen, hata yakamwagika baharini Kipini. Basi mti ukikatwa juu, mkulima wa ndizi na maembe kando ya mto hapo Balambala atajua, na mvuvi wa Kipini atajua pia.

Ndiyo maana maisha ya Profesa Wangari Maathai si habari ya watu wa Nyeri peke yao. Miaka mingi imepita tangu afariki, na vijana wengi wanalijua jina lake kwa kusikia tu kwamba alikuwa yule mama wa miti. Lakini sehemu kubwa ya vita vyake haikupiganwa msituni bali mjini, katikati ya Nairobi, akitetea nyasi na vivuli visimezwe na saruji. Na leo miji yetu yote, mikubwa na midogo, imefika pale Nairobi ilipokuwa wakati ule.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, karibu na mto Gura ambao nao huingia Tana. Baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu huko Nakuru, na utoto wake ulikuwa wa kuhama baina ya shamba hilo na kijijini. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wavulana. Mama hakuwa na jibu, akampeleka. Swali moja la kijana mdogo likabadilisha maisha ya binti.

Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo, na chini yake chemchemi. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa Wakikuyu waliuheshimu. Wangari akiteka maji hapo na kucheza na mayai ya vyura. Baadaye aliporudi kutoka ng'ambo alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Akiwa sasa mtaalamu wa sayansi, alielewa kwamba katazo la wazee lilikuwa na faida yake: mizizi ya mti ule ndiyo iliyoshika udongo na kuyafungulia maji njia ya kutoka.

Alisoma kwa watawa wa Kikatoliki Nyeri, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma. Alipata shahada ya bayolojia mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alirudi nyumbani mwaka 1966 na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi, akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Aliamini amenyimwa kwa sababu ya jinsia yake na kabila lake. Hakukata tamaa. Alipata nafasi katika idara ya udaktari wa mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Kazi ya miti ilianza kwa jambo dogo. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata, Nairobi, baada ya kuwaahidi wapiga kura ajira. Uchaguzi ukaisha, na mume hakuishughulikia tena ahadi. Mke akaona haya kuwadanganya maskini. Akaanzisha kampuni ndogo ya kuajiri watu kupanda miti na kutunza bustani za mjini, na kitalu chake kikawekwa Karura. Kampuni ikafa, kwa kuwa pesa zilikuwa haba, na miche mingi ikafa nayo kwa kukosa maji. Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza: kupanda ni kazi ya siku moja, kumwagilia ni kazi ya kila siku.

Alipokaa na akina mama wa mashambani kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, walimweleza shida zao: kuni ziko mbali, maji machafu, chakula hakitoshi, mifugo haina malisho. Akaona shida hizo zote zina mzizi mmoja. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, waliandamana kutoka jumba la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba. Kwa hivyo vuguvugu la Green Belt, ambalo dunia nzima huliona kama kazi ya vijijini, lilizaliwa katikati ya jiji.

Maafisa wa misitu waliwaambia akina mama kwamba kuotesha miti kunahitaji wenye vyeti. Wangari akawaambia watumie akili zao, kama wanavyootesha mahindi na maharagwe. Nao wakaotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika na makopo ya kutupwa, wakayaweka mahali pa juu ili kuku na mbuzi wasifike. Kila mche uliopona ulilipwa kidogo sana, senti nne za dola ya Marekani. Lakini mama aliyekuwa hana hata shilingi yake alipata kipato, na haba na haba hujaza kibaba. Kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa ilihesabiwa kuwa milioni 30.

Nyumbani mwake hapakuwa na amani. Ndoa ilivunjika mahakamani mwaka 1979. Aliposema hadharani kwamba hukumu haikuwa ya haki, alifungwa jela miezi sita kwa kuidharau mahakama, akatolewa baada ya siku chache. Mumewe alimtaka aache kutumia jina lake. Akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, na jina likawa lake mwenyewe. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kwa hoja ya usajili, na kazi asirudishiwe. Siku chache zilitosha kumpokonya mshahara na nyumba.

Vita vilivyomtambulisha vilikuja mwaka 1989. Serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, la ofisi za chama cha KANU na gazeti lake, pamoja na sanamu kubwa ya rais Moi mbele yake. Uhuru Park ndipo mahali ambapo mwananchi asiye na bustani kwake huketi Jumapili na watoto wake bila kulipa kiingilio. Wangari akaandika barua kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili wa kigeni, akiuliza ni nani atakayejenga jumba kama hilo katika bustani ya watu wa London au New York. Bungeni wakamtukana na kumcheka kwa kuwa ameachika. Green Belt wakafukuzwa katika ofisi zao, wakahamia nyumbani kwake mtaa wa South C. Alipokwenda mahakamani, kesi ikatupwa kwa hoja kwamba yeye binafsi hakudhurika na hivyo hana haki ya kushtaki. Lakini wafadhili wakaingiwa na wasiwasi, mradi ukapunguzwa kisha ukaachwa, na mwaka 1992 ua ukabomolewa. Bustani ikabaki ya watu.

Kipande hicho cha habari kina maana kubwa kwetu leo. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na inasema wazi kwamba mwenye kwenda mahakamani kuyatetea hana haja ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mlango aliofungiwa Wangari mwaka 1989 leo uko wazi kwa mkaazi wa Balambala, wa Lamu na wa Likoni.

Mwaka 1992 alikaa Uhuru Park na akina mama waliokuwa wakigoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Polisi waliwapiga, yeye akazirai. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ambao viwanja vyake vilikuwa vikigawiwa wakubwa. Tarehe 8 Januari alifika langoni na wenzake kupanda mti. Kundi la vijana waliokodiwa likawashambulia kwa marungu na mijeledi, akapasuka kichwa. Alikwenda kituo cha polisi akatia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka huo rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo familia za Nairobi hutembea Karura na kuendesha baiskeli, na wengi hawajui gharama iliyolipwa.

Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, kisha akawa waziri msaidizi wa mazingira. Oktoba 2004 habari za Tuzo ya Amani ya Nobel zilimfikia akiwa njiani kwenda kwao Nyeri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, na alisherehekea kwa kupanda mti. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa maradhi ya saratani, akiwa na miaka 71. Aliusia asizikwe katika jeneza la mbao, kwa hiyo likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mazishi ya kitaifa yalifanyika Uhuru Park, katika nyasi zile zile alizozitetea.

Sasa turudi Balambala. Mfugaji wa kale alikaa katika herio, nyumba ya fito na mikeka inayopitisha upepo, ikabebwa kwa ngamia msimu ukibadilika. Leo watu wametulia mjini na paa ni bati. Saa nane za mchana, joto likipita digrii 35, chini ya bati lisilo na dari hapakaliki. Pwani nako nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, na ua ndani. Siku hizi tunajenga ghorofa za matofali ya saruji ukuta kwa ukuta, hata mti hauna pa kusimama.

Ndipo linapokuja suala la bustani za juu ya paa, ambazo miji mingi duniani imeanza kuzihimiza. Kwetu si jambo geni. Bibi zetu waliweka mikebe ya asumini na mrehani juu ya sakafu ya nyumba, na akina mama wa Green Belt waliinua makopo ya miche wayaepushe na mbuzi. Jambo jipya ni kulifanya kwa wingi na kwa hesabu. Paa lenye udongo na majani hupunguza joto la chumba cha chini, hushika sehemu ya maji ya mvua yasimwagike yote barabarani, na hutoa mchicha na pilipili za jikoni.

Lakini tusidanganyane. Udongo ukilowa ni mzito. Tabaka la sentimita 10 tu laweza kufikia kilo 150 au zaidi kwa kila mita mraba, na paa la boriti za kale au saruji hafifu halitabeba. Maji yakituama yatapenya hadi kitandani. Mwenye paa la zege na amuulize fundi kwanza, aanze na vyombo vyepesi pembezoni, juu ya kuta. Mwenye bati asijaribu kuweka udongo juu yake. Yeye apande mti upande wa magharibi wa nyumba, kivuli kilifikie bati jua la alasiri.

Tena achague mti. Watu wa Garissa na Tana River wanaujua mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukaziba malisho na njia za mtoni na kuharibu meno ya mbuzi. Wangari naye alisikitikia misitu ya asili iliyofyekwa wakati wa ukoloni ikapandwa misonobari ya biashara. Mwarobaini unaofunika mji wa Garissa kwa kivuli, mkwaju, na mwembe penye maji karibu, hiyo tunaijua na inatujua.

Mafuriko ya Tana ya 2023 na 2024 yalihamisha maelfu ya watu, na ukame uliotangulia ulikuwa umemaliza mifugo. Serikali za kaunti zinapochora ramani za miji hii midogo ambayo bado ina nafasi, huu ndio wakati wa kudai uwanja wa umma, mstari wa miti barabarani na hifadhi ya ukingo wa mto, kabla hati hazijaandikwa. Nairobi ilichelewa, ikamhitaji mwanamke mmoja apasuliwe kichwa ili ibakiziwe msitu. Balambala haijachelewa.