Mfahamu Beryl Markham: Binti wa shamba aliyeruka usiku juu ya Serengeti na kuvuka Atlantiki peke yake

Juni 16, 1935, usiku. Ndege ndogo ya viti viwili, Avro Avian, inaondoka Nairobi kwenda Nungwe, machimbo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, Tanganyika (siyo Nungwi ya Zanzibar, usichanganye). Ndani kuna mtungi wa oksijeni wa kumwokoa mchimbaji aliyezidiwa. Redio hakuna. Chini ni giza tupu, na uwanja wa kutua umewashiwa mienge ya mafuta tu.

Rubani ni mwanamke. Yuko peke yake. Safari ilimchukua saa 3 na dakika 40.

Huyo ndiye Beryl Markham. Alizaliwa Oktoba 26, 1902 Uingereza, na akiwa na miaka minne hivi familia ikahamia Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro. Haukupita muda mama akashindwa maisha yale, akarudi zake Uingereza na mtoto wa kiume. Beryl akaachwa na baba.

Baba naye alikuwa bize na farasi na mashine za kusaga. Kwa hiyo waliomlea kwa kiasi kikubwa ni watu wa pale shambani. Alicheza na watoto wa Kinandi, akaongea Kiswahili na Kinandi, akajifunza kuwinda kwa mkuki, kitu ambacho hata wasichana wa Kinandi wenyewe hawakuruhusiwa. Kuna siku simba aliyefugwa na jirani alimrukia na kumjeruhi. Alipona. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, ambaye ukubwani aliitwa arap Ruta, alikuja kufanya naye kazi kwa miaka mingi, kwenye mazizi na baadaye kwenye ndege. Ila ndiyo ukoloni huo: waliocheza pamoja utotoni, ukubwani mmoja akawa bosi na mwingine mtumishi.

Kisha ukame ukaja, baba akafilisika, akaenda kutafuta maisha Peru. Beryl alikuwa bado binti mdogo, na tayari ameolewa. Akabaki na kitu kimoja anachokijua: farasi. Akachukua leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata, na mwaka 1926 farasi wake Wise Child akashinda mbio kubwa za St Leger jijini Nairobi.

Ndege zilikuja baadaye, mwaka 1931, akifundishwa na rubani Tom Campbell Black. Mei mwaka huo rafiki yake Denys Finch Hatton alifariki baada ya ndege yake kuanguka Voi. Wengi wangeacha hapo hapo. Yeye mwaka uliofuata akaruka peke yake hadi Uingereza, na 1933 akapata leseni ya biashara.

Hapo sasa ndege ikawa ndiyo ajira. Alibeba barua, abiria na dawa, na aliwatafutia tembo wawindaji kutoka angani, kazi ambayo leo ukiisoma ukiwa jirani na hifadhi haikufurahishi hata kidogo. Katika safari ile ile ya Nungwe alimtafuta pia rubani mwenzake aliyepotea kwenye mbuga za Serengeti. Alimuona chini, akatua, akampakia. Mzima.

Septemba 4, 1936 akaondoka Abingdon, Uingereza, na ndege aina ya Vega Gull, akielekea New York. Kwenda upande huo ni kupambana na upepo mwanzo mwisho. Baada ya zaidi ya saa 20 angani mafuta yakaacha kufika kwenye injini kwa sababu ya barafu. Ndege ikashuka puani kwenye tope la Cape Breton, Kanada. Beryl akatoka na jeraha kichwani. New York hakuifikia kwa ndege ile, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua.

Wiki mbili baadaye mwalimu wake, Campbell Black, akafa kwa ajali uwanja wa ndege wa Liverpool.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka 1942, kikasifiwa, kisha kikasahaulika. Wapo wanaodai mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye alikiandika, na ubishi huo haujaisha. Yeye akarudi Kenya kufundisha farasi, akashinda mbio kubwa tena na tena, ila hela haikukaa. Uzeeni aliishi kwa tabu kwenye nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio Nairobi, hadi kitabu kilipochapishwa upya Marekani mwaka 1983 na kuuzwa kwelikweli.

Alifariki Nairobi, Agosti 3, 1986, akiwa na miaka 83. Ulibaki mwezi mmoja tu itimie miaka 50 tangu aruke kutoka Abingdon.