Rudolf Diesel: Alizama baharini, injini yake ikabaki

Wengi wetu tunalitaja jina lake kila tuendapo kituo cha mafuta, lakini wachache wanajua kuwa Diesel alikuwa mtu. Mimi nililijua hilo ukubwani, na nilipofuatilia maisha yake nilimhurumia.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita ya mwaka 1870 kati ya mataifa hayo mawili iliifukuza familia hiyo hadi London, naye akiwa na miaka 12 akapelekwa kwa ndugu huko Augsburg, Ujerumani. Baadaye alisomea uhandisi Munich.

Enzi hizo mitambo mingi ya mvuke ilipoteza karibu asilimia 90 ya nguvu ya makaa ya mawe. Diesel akaja na wazo la kuikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka iwe ya moto kiasi cha kuwasha mafuta bila cheche. Katika majaribio ya mwaka 1893 alinusurika mlipuko, lakini mwaka 1897 injini yake iligeuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Nia yake ilikuwa kumsaidia fundi mdogo ashindane na viwanda vikubwa. Wanajeshi wakaona jingine. Ndani ya nyambizi, petroli ilitoa mvuke uliolipuka kirahisi. Dizeli ilikuwa salama zaidi. Nyambizi ikielea iliendeshwa na dizeli huku ikichaji betri, ikizama ilitumia umeme. Ufaransa ilikuwa na Aigrette mwaka 1904, Ujerumani ikafuata na U-19 mwaka 1913. Kwa upande wa biashara, meli Selandia ya Denmark ilikwenda kwa dizeli hadi Bangkok mwaka 1912.

Septemba 29, 1913, akiwa amelemewa na madeni, alipanda meli ya mvuke Dresden pale Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha usiku; asubuhi chumba chake kilikutwa kitupu. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti, na vitu vya mfukoni vikatambuliwa na mwanawe. Alijiua, aliuawa au aliteleza? Hadi leo watu wanabishana.

Mwaka 1915 nyambizi U-20, yenye injini za dizeli, iliizamisha Lusitania na kuua watu karibu 1,200. Kwa maoni yangu, kifo kilimwepusha na kuyaona hayo. Mimi namkumbuka kwa ajili ya yule fundi mdogo aliyemkusudia.