IBN SINA: TABIBU ALIYETIBU WAFALME, AKASHINDWA KUJITUNZA



Ramadhani imetufikia tena, alhamdulillahi. Katika mwezi kama huu, mwaka 428 Hijria, yaani Juni 1037, alifariki mtu ambaye kitabu chake cha tiba kilisomwa Mashariki na Magharibi kwa zaidi ya miaka 500. Alikuwa na umri wa miaka 57 tu. Na ajabu ni kwamba ugonjwa uliomuua ni ule ule aliokuwa bingwa wa kuutibu kwa wengine. Huyo ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Sina. Hebu keti tusimuliane, kwa sababu maisha yake yana somo linalokuhusu wewe wa Kabiro, wa Gatina, wa Makina na wa Lindi.

KIJANA WA BUKHARA

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi inayoitwa leo Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyependa elimu. Kufikia miaka 10, mtoto alikuwa ameshahifadhi Qur'ani. Na hesabu je, unadhani alifundishwa na profesa? La. Babake alimpeleka kwa muuza mboga aliyejua hesabu za Kihindi. Kwa hivyo, ndugu yangu, usimdharau mtu kwa sababu umemkuta nyuma ya meza ya sukuma wiki.

Kuna kitabu kimoja cha Aristotle alichokisoma mara 40 bila kukielewa. Siku moja sokoni akauziwa kwa dirhamu 3 kitabu kidogo cha Al-Farabi kinachokifafanua. Alipokisoma akaelewa, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mwenyezi Mungu. Na kila alipokwama katika masomo, alikwenda msikitini akaswali na kuomba afunguliwe.

Akiwa na miaka 16, madaktari watu wazima walikuwa wakija kusoma tiba kwake. Mwaka uliofuata mfalme Nuh bin Mansur akaugua, matabibu wa ikulu wakachoka, kijana akaitwa kusaidia. Aliomba nini? Si dhahabu wala si farasi, bali ruhusa ya kuingia maktaba ya mfalme.

MAISHA YA MBIO

Baada ya hapo hakutulia tena. Babake alifariki, ufalme wa Bukhara ukaanguka, naye akawa anahama mji hadi mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, Hamadan, mwisho Isfahan. Kule Hamadan alimtibu mtawala Shams al-Dawla maradhi ya tumbo, akafanywa waziri. Askari wakamkasirikia, wakavamia nyumba yake na kutaka auawe. Akajificha kwa siku 40. Kisha mtawala akaumwa tena na tumbo, Ibn Sina akatafutwa, akaombwa radhi na kurudishiwa kazi! Baadaye alifungwa ngomeni kwa miezi minne hivi, na humo gerezani akaendelea kuandika.

Mchana alikuwa kazini kwa mtawala. Usiku aliandika na kusomesha, usingizi kidogo sana. Si kila jambo lake ni la kuigwa: maulamaa kama Imam Ghazali walimpinga vikali katika falsafa, na starehe zake nyingine zilipita mpaka. Sisi tunachukua manufaa na kuacha mengine.

MAMBO SITA

Kitabu chake kikubwa ni Al-Qanun fi al-Tibb, juzuu tano, alichokimaliza karibu mwaka 1025. Kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Hispania katika karne ya 12, na vyuo vya Ulaya vikakisomesha hadi karne ya 17. Usidhani ni mambo ya mbali. Ukisikia nyanya analalamika baridi yabisi, maneno hayo yametoka katika tiba hii hii, iliyogawa maumbile kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Balghamu na safura pia ni majina ya humo. Hesabu hiyo ya maumbile madaktari wa leo wameiacha. Lakini alieleza pia mambo sita yanayojenga au kubomoa afya ya kila mtu, na hayo hayajazeeka.

La kwanza ni HEWA. Wewe unalala chumba kimoja na jiko la makaa linalowaka, mlango umefungwa? Watu wamelala hivyo wasiamke. Toa jiko nje, fungua dirisha.

La pili ni CHAKULA NA KINYWAJI. Alieleza kwamba maji mabaya hutengenezwa kwa kuchemshwa na kuchujwa. Huo ni karibu mwaka 1000 uliopita, na sisi bado tunachota kwenye mtungi na kunywa hivyo hivyo, huku mabomba yakipita kwenye mitaro ya maji machafu. Na futari je? Mchana kutwa umejizuia, magharibi unashindilia viazi karai, kaimati, sambusa na soda, halafu tarawehe unaswali ukihema. Kwani tulifunga ili tulipize?

La tatu ni HARAKATI NA MAPUMZIKO YA MWILI. Katika kuhifadhi afya, yeye aliweka mazoezi mbele kabisa. Ukitembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi kazini Industrial Area, hilo umelipata bila kulipa jimu. Lakini kijana anayeshinda kwenye kochi na simu, huyo ajiulize.

La nne ni USINGIZI NA KUKESHA. Hapa ndipo vijana wenzangu tunapoumia. Tarawehe ikiisha, wengine wanakaa baraza na miraa hadi daku, kisha wanalala hadi alasiri, adhuhuri imewapita. Huko si kukesha kwa ibada. Ni kugeuza mchana kuwa usiku, na mwili unadai deni lake.

La tano ni KUTOA NA KUZUIA, yaani choo. Tusione haya. Mtu anayejizuia usiku kucha kwa sababu choo kiko mbali, kinalipiwa na njia haina usalama, hasa dada zetu, anaumia. Na anayetumia mfuko na kuutupa, ugonjwa wake unakuwa wa mtaa mzima.

La sita ni HALI YA NAFSI: hofu, hasira, huzuni. Kodi ya nyumba, kukosa kazi, mzozo nyumbani, vyote huingia mwilini. Usinyamaze nalo peke yako. Mwambie imamu, mwambie rafiki, na ikizidi nenda kwa daktari. Si upungufu wa imani.

MWISHO WAKE

Sasa rudi kwa Ibn Sina. Yote haya aliyajua kuliko mtu yeyote wa zama zake, na mwenyewe hakuyafuata. Rafiki zake walimwomba apunguze mwendo, hakusikia. Tumbo lilipomshika, jeshi la mtawala wake lilikuwa safarini, naye akaogopa kuachwa nyuma. Akajitibu kwa haraka, dawa ya kusafisha tumbo mara 8 kwa siku moja, hadi utumbo ukapata vidonda. Mtu aliyemchanganyia dawa akazidisha kipimo. Mtumishi wake mmoja akamwekea kasumba kupita kiasi. Akapata nafuu, akarudia mwendo wake wa zamani, maradhi yakamrudia. Alipofika Hamadan alijua nguvu zimekwisha, akaacha dawa. Inasimuliwa kwamba alitubu, akaacha huru watumwa wake, akagawa mali kwa maskini, akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu hadi alipofariki, naye akazikwa hapo Hamadan.

Ndugu msomaji, kama bingwa wa tiba aliumia kwa kujitibu, sembuse wewe unayenunua vidonge viwili viwili dukani bila kupimwa? Kama una kisukari, presha au vidonda vya tumbo, muone daktari kabla ya kufunga. Uislamu umempa mgonjwa ruhusa yake.

Na jambo la mwisho. Usingizi, chakula na mazoezi viko mkononi mwako. Lakini hewa, maji na choo haviwezi kusafishwa na mtu mmoja. Ramadhani hii, baada ya kupanga zamu za kufuturisha, tupange pia zamu ya kuzibua mtaro ulio mbele ya msikiti. Ibn Sina alikuwa na elimu, akakosa kuitekeleza. Sisi sasa tumeambiwa, tusije tukakosa udhuru.

Mwenyezi Mungu atupe afya, azikubali saumu zetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.