W. E. Taylor na T Mbili za Mombasa

Anayesoma historia ya usomi wa Kiswahili hukutana kwanza na Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, kisha na Steere wa Unguja. William Edward Taylor hutajwa kwa sentensi moja, pengine katika tanbihi. Ilhali miongoni mwa wageni hao, yeye ndiye aliyekerwa zaidi na Kiswahili kilichoandikwa ovyo, na kero hiyo ndiyo iliyoiongoza kazi yake.

Taylor alizaliwa Uingereza mwaka wa 1856, akaja pwani yetu mwaka wa 1880 chini ya shirika la wamisionari wa Kianglikana la CMS. Tusimpambe kupita kiasi: alikuja kuhubiri, wala si kuhifadhi fasihi ya Waswahili. Lakini alitambua upesi kwamba Mombasa ulikuwa mji wa watu walioipima lugha kwa mizani ya ushairi. Mhubiri aliyeboronga matamshi mbele ya wasikilizaji wa namna hiyo hakutarajia kusikilizwa kwa makini. Basi akakaa chini ya wenyeji, akafunzwa.

Wakati huo mwongozo wa Steere wa mwaka wa 1870 ulikuwa umekwisha kuweka msingi wa tahajia: konsonanti zifuate Kiingereza, irabu zifuate Kiitaliano. Utaratibu huo ni mwepesi, unafaa mitambo ya chapa, na kwa kiasi kikubwa ndio tunaoutumia hadi leo. Hata hivyo, kwa sikio la Mvita ulikuwa na tundu. Kimvita kina t mbili, moja ya meno na nyingine ya ufizi. Kuteka kwa t ya meno ndiko kucheka. Kuteka kwa t ya ufizi ni kuchota maji. Iandike t moja tu, na msomaji hatajua kama mwanamke aliye kisimani anacheka au anajaza mtungi. Kuna pia mpumuo: paa la nyumba halitamkwi sawa na paa wa porini, wala kaa la moto si sawa na kaa wa baharini. Taylor alizitia alama tofauti hizo katika maandishi yake. Kurasa zake zina madoido yanayochosha macho, nakiri, ila hazimdanganyi msomaji.

Hapa inafaa tutenganishe aina mbili za uzembe. Sisi tunaosahihisha insha tunaujua ule wa mkono: anayeandika "kwasababu" kama neno moja na "ana soma" kama mawili, anayeandika "anae" badala ya "anaye", anayechanganya kuthamini na kudhamini hata katika tangazo la harambee. Taylor alipambana na uzembe wa sikio, ule wa mwandishi ambaye hakusikia tofauti na kwa hiyo hakuona haja ya kuiandika. Wa mkono unatibika kwa kalamu nyekundu. Wa sikio ukishaingia katika kanuni za tahajia, huitwa usanifu.

Mwaka wa 1891 alichapisha *African Aphorisms*, mkusanyiko wa mamia ya methali na misemo ya Waswahili. Methali zimetolewa pamoja na tafsiri na maelezo yanayomsaidia msomaji kuiona maana na matumizi yake. Linganisha na insha zetu, ambamo wahenga "hawakukosea waliposema" katika kila aya, na methali yenyewe haina lolote la kuhusiana na kisa. Mwaka wa 1898 ukafuata mwongozo wake wa sarufi, *The Groundwork of the Swahili Language*.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, hakuifanya peke yake, na hapa ndipo tanbihi zetu zinapodhulumu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1890, ndiye aliyekusanya tungo za Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa watu. Aliziandika kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa kawaida haikutenganisha e na i, wala o na u. Kuzihamishia katika hati ya Kilatini kulihitaji mtu anayejua tayari kile anachokisoma. Taylor aliweza kwa kuwa Sikujua alimfunza. Bila wawili hao, sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka wa 1840, ingalipotea.

Taylor alirejea Uingereza, akaendelea kuandika; mwaka wa 1915 utangulizi wake na tafsiri yake ya *Inkishafi* vilitokea katika kitabu cha Stigand kuhusu lahaja. Alifariki mwaka wa 1927. Mwaka uliofuata, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe ukaichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Sababu zilikuwepo: Kiunguja kilikuwa kimeenea bara kwa njia za biashara, na vitabu vingi vilikuwa vimeandikwa kwacho. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930 haikuwa na nafasi ya t mbili. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka wa 1940, ikihaririwa na William Hichens kutokana na miswada ya Taylor. Na mtoto wa Mvita anayeandika "mato" katika insha yake, jinsi Muyaka alivyoyaita macho, hadi leo hutiwa mkwaju mwekundu.