Alberto Santos-Dumont, mutoto aliyeinua kidole

Safari hii tunawaletea maisha ya mutu mumoja aliyejulikana sana katika historia ya ndege: Alberto Santos-Dumont. Wengi wamesikia kwamba alizunguka Munara wa Eiffel akiwa hewani. Lakini wachache wanajua kama kazi yake ilianza na mwanzi, karatasi na kipande cha mupira, vitu ambavyo mutoto yeyote anaweza kuokota nyuma ya nyumba.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 1873, jimbo la Minas Gerais, inchi ya Brazil. Baba yake, Henrique, alikuwa injinieri, kisha akawa tajiri mukubwa wa kahawa karibu na muji wa Ribeirão Preto. Shamba lake lilikuwa kubwa hata lilikuwa na reli yake lenyewe. Tusisahau kwamba katika miaka ile mashamba mengi ya kahawa ya Brazil yalilimwa na watumwa, Waafrika na wazao wao, mupaka sheria ya mwaka wa 1888 ikawafungua. Alberto yeye alikuwa mutoto wa bwana, alikuwa na nafasi ya kucheza.

Na muchezo wake ulikuwa mashini. Alipokuwa na miaka 7 alikubaliwa kuendesha magari ya mvuke ya shambani. Alipokuwa na miaka 12 aliendesha treni yenyewe iliyobeba kahawa. Kule kiwandani alisimama akiangalia mashini za kutengeneza kahawa, moja moja. Aliona kama machekecheo yanayokwenda mbele na nyuma yanaharibika kila mara, lakini kitu kinachozunguka kinadumu. Hakuna mwalimu aliyemufundisha hayo. Aliona mwenyewe, akayaweka moyoni.

Nyumbani alitengeneza ndege ndogo za mwanzi. Elisi yake ilizungushwa na mupira uliosokotwa: unausokota kwa kidole, unauachilia, na ndege inaruka. Mwezi wa sita, watu walipowasha moto wa sikukuu ya Yohane Mbatizaji, alitengeneza baluni za karatasi nyepesi na kuzitazama zikipanda na hewa ya moto. Tena alisoma vitabu vya Jules Verne, mwandishi Mufaransa aliyetunga hadithi za safari za ajabu.

Watoto wa kule walikuwa na muchezo mumoja. Wanakaa kuzunguka meza, na mukubwa wao anauliza: njiwa anaruka? Wote wanainua kidole. Kunguru anaruka? Wanainua. Kisha anataja kwa ghafula imbwa ao mbweha, na mwenye kuinua kidole kwa kosa analipa. Siku moja wakauliza kama mutu anaruka. Alberto akainua kidole juu kabisa. Wakamucheka, wakamuambia alipe. Akakataa kulipa. Kila mara waliporudilia ulizo lile, yeye aliinua tena kidole, na hakulipa hata mara moja.

Mwaka wa 1891 alifika Paris pamoja na wazazi, akaona motere ya esansi ikizunguka ndani ya maonyesho. Baba yake alikuwa amekwisha kuumia vibaya kwa kuanguka, na nusu ya mwili ilikuwa imepooza. Mwaka wa 1892 alimupa mwana wake sehemu ya urithi na kumushauri arudi Paris, asome fizika, kemia, mekanika na umeme. Mwaka ule ule muzee akafariki.

Katika mwaka wa 1898 Alberto alianza kupanda baluni. Lakini baluni ya kawaida inakwenda kule upepo unataka. Yeye alitaka kuiongoza. Akatengeneza chombo cha kwanza: mufuko murefu kama sigara, umejaa gazi ya idrojeni ambayo ni nyepesi kuliko hewa, na chini yake kikapu chenye motere ndogo ya esansi na elisi. Watu walimuonya, sababu idrojeni inashika moto upesi sana, naye alikuwa anatundika motere ya moto chini yake.

Tarehe 20 mwezi wa tisa alipanda vizuri. Aligeuka kuume na kushoto, watu wakapiga makofi. Wakati wa kushuka njo hatari ikaanza. Gazi ilipungua ukubwa, pompi ya hewa haikuweza kujaza nafasi iliyobaki, na mufuko murefu ukajikunja katikati kama kisu. Chombo kikaanza kuanguka. Pale chini, ku uwanja wa Bagatelle, kulikuwa vijana waliokuwa wakirusha tiara za karatasi. Akawapigia kelele wakamate kamba yake ndefu na wakimbie kupinga upepo. Wale vijana walielewa mara moja, maana ni vile wanavyofanya na tiara kila siku. Walikimbia, upepo ukakishika chombo kutoka chini, na akashuka muzima. Wakubwa walikuwa wamekuja kushangaa tu. Waliomuokoa ni watoto waliojua kucheza.

Mwaka wa 1900 tajiri mumoja wa mafuta, Henry Deutsch de la Meurthe, alitoa zawadi ya faranga 100.000. Mashindano yalikuwa hivi: kutoka Saint-Cloud, kuzunguka Munara wa Eiffel na kurudi, karibu kilometa 11, bila kupita dakika 30.

Tarehe 13 mwezi wa saba 1901 Alberto alijaribu na chombo chake cha tano. Aliuzunguka munara, lakini alichelewa, motere ikazimika, naye akaanguka juu ya muti katika bustani la tajiri Rothschild. Jirani ya pale alikuwa binti wa mufalme wa zamani wa Brazil, Isabel, yule aliyetia sahihi sheria ya 1888 ya kufungua watumwa. Alimutumia chakula kule kule juu ya muti.

Tarehe 8 mwezi wa nane akajaribu tena. Safari hii gazi ilitoka, mufuko ukalegea, chombo kikagonga hoteli ya Trocadéro na kupasuka. Alberto alibaki akining'inia kwenye ukuta mupaka wazima-moto wakamuvuta kwa kamba. Siku ile ile aliagiza kutengeneza chombo cha sita.

Tarehe 19 mwezi wa kumi 1901, alasiri, aliondoka tena. Upepo ulikuwa mukali. Aliuzunguka munara, na wakati wa kurudi motere ikaanza kukohoa. Akaacha usukani, akaitengeneza kule hewani, ikashika tena. Alipita juu ya wahukumu kabla ya dakika 30 kutimia. Lakini kamba yake iliposhikwa chini, dakika 30 zilikuwa zimepita kwa sekunde chache. Ubishi ukawa mukubwa: saa ihesabiwe alipopita, ao aliposhikwa? Watu wa Paris walikuwa upande wake. Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja wahukumu wakampa ushindi.

Je, pesa zile alizifanya nini? Hakubaki nazo. Aliwagawia wafanyakazi wake, na sehemu nyingine ikaenda kwa maskini wa Paris, wakakomboe vyombo vya kazi walivyokuwa wameweka rehani.

Kati ya barua nyingi alizopokea, moja ilitoka kwa rafiki wa utoto, mumoja wa wale wa muchezo wa kidole. Alikubali kwamba Alberto alikuwa na haki, mutu anaruka.

Wakati ule ndugu wawili Wright wa Marekani walikuwa wakifanya kazi kimya. Nao walianza utotoni na kitu cha kuchezea chenye elisi na mupira, walicholetewa na baba yao. Waliruka na ndege yenye motere mwaka wa 1903. Alberto aliruka mbele ya watu wengi kule Bagatelle, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 1906: mita 220. Kisha alitengeneza ndege ndogo sana, Demoiselle, yenye mabawa ya karibu mita 5. Mifupa yake ilikuwa ya nini? Ya mwanzi, kama zile za utoto. Hakuuza siri yake. Aliachilia mupango wake, kila mutu atengeneze.

Mwisho wake ni wa huzuni, na hatutauficha. Tangu 1910 ugonjwa ulimukataza kuruka. Vita ya 1914 ikaja, na ndege zikaanza kutupa mabomu juu ya watu. Mwaka wa 1926 aliandikia Shirika la Mataifa akiomba ndege zisitumiwe kama silaha. Hawakumusikia. Mwaka wa 1932 vita ilizuka ndani ya Brazil yenyewe, na ndege zikapigana. Tarehe 23 mwezi wa saba, akiwa mugonjwa na mwenye moyo uliochoka, alijitoa uhai kule Guarujá. Alikuwa na miaka 59 tu.

Ndugu wanafunzi, tunapoona mudogo wetu anafunga vipande vya mwanzi kwa uzi, tunamuambia anapoteza wakati. Pengine ni kweli. Lakini tumuulize kwanza anatengeneza nini, na namna gani kinafanya kazi. Na sisi tunaosoma fizika na kemia, tujiulize ulizo la pili, lile lililomusumbua Alberto mupaka mwisho: kitu tunachokitengeneza leo, kesho kitakuwa mukononi mwa nani?