KARL LANDSTEINER: KINGAMWILI INASHIKA WAPI?

Kila aliyewahi kutoa damu anaijua A, B au O yake. Aliyegundua makundi hayo ni Karl Landsteiner, lakini hiyo ni nusu tu ya habari zake.

Alizaliwa karibu na Vienna, Austria, mwaka 1868. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na mama. Alisoma udaktari, kisha akajiongezea kemia. Mwaka 1901 alionyesha kwamba damu za watu wawili zinaweza kushikana mabonge zikichanganywa, kwa sababu kingamwili za mmoja hushika alama zilizo kwenye chembe nyekundu za mwenzake.

Sasa zinashika nini hasa? Protini ni kubwa mno. Basi mzee akabandika vipande vidogo vya kemikali kwenye protini, akawadunga sungura, akapima kingamwili zao. Kumbe ukikihamisha kipande kidogo tu kutoka kona moja ya molekuli kwenda nyingine, kingamwili inaweza kukikataa! Yaani haishiki protini nzima, inashika sehemu ndogo yenye umbo lake.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliiacha Vienna na njaa. Mwaka 1919 akahamia Uholanzi, akawa anapima mikojo na damu kwenye hospitali ndogo huku akiendelea na utafiti. Mwaka 1923, umri umeshapita miaka 50, akaanza upya ugenini New York, Taasisi ya Rockefeller. Akapata Nobel mwaka 1930. Juni 1943 moyo ulimshika akiwa maabara, na siku mbili baadaye akafariki.

Swali lake likahamia kwenye kompyuta. Mwaka 1981 Hopp na Woods walitoa njia ya kukokotoa ni vipande gani vya protini vinapenda maji, maana hivyo ndivyo vinavyokaa nje, mahali kingamwili inafika. Kasoro yake ni kwamba protini hujikunja kama uzi, na vipande vilivyo mbali kwenye uzi vinaweza kukutana na kufanya sehemu moja ya kushikwa. Kwa hiyo baadhi ya programu za leo hutazama umbo zima. Hata hivyo bado zinakosea, na anayetafuta chanjo lazima arudi maabara kuhakikisha.

Landsteiner alikuwa daktari aliyekwenda kujifunza kemia. Wewe wa kompyuta, mlango wa biolojia uko wazi.