Mwalimu Nyerere na mpaka uliofungwa

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zijitawale kama shirikisho moja. Shirikisho halikupatikana. Juni 1967, mjini Kampala, yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitia saini mkataba wa Jumuiya.

Viwanda vingi vilikuwa Kenya, hivyo mkataba uliziruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi baadhi ya bidhaa za jirani ili kulinda viwanda vyao vichanga. Malalamiko hayakwisha. Februari 1977, shirika la ndege la pamoja lilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Biashara halali ikasimama Namanga na Sirari. Magendo yakashika nafasi yake.

Kuufungua kulichukua zaidi ya miaka sita. Novemba 1983 Mwalimu alikutana Arusha na Daniel arap Moi na Obote, wakakubaliana. Mwaka uliofuata mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Jumuiya mpya ilitiwa saini mjini Arusha.